UZI: "Mtandao umefika kila kijiji." Kweli? Jinsi ramani za mawimbi zinavyotengenezwa, na mbona kwenu bado unapanda mlima kupiga simu

1/ Kila mdahalo wa siasa ukifika kwa mambo ya kidijitali, mambo ni yale yale. Mheshimiwa mmoja anasema, "Tumefikisha mtandao kwa asilimia 99 ya Wakenya." Mwenzake anajibu, "Watu wangu wanapanda mlima ndio M-Pesa iingie." Watu wanapigiana kelele, mdahalo unaisha, hakuna aliyeelewa kitu. Leo tufungue hiyo asilimia tuone iko na nini ndani. Kaa nami.

2/ Jambo la kwanza: wote wawili wanaweza kuwa wanasema ukweli. Ramani ya mtandao unayoonyeshwa kwenye runinga si picha ya kitu kilichopimwa kila mahali. Hakuna mtu alitembea na kipimo Kenya nzima, kilomita za mraba zaidi ya 580,000. Sehemu kubwa ya ile rangi ni makadirio ya kompyuta. Kompyuta inaambiwa mnara (wengine mnaita busta) uko wapi, una urefu gani na unatoa nguvu kiasi gani. Halafu inapiga hesabu: mawimbi yatakuwa yamepungua kiasi gani yakifika kwa mama mboga kule bondeni?

3/ Hesabu yenyewe inatumia kipimo kinaitwa desibeli. Usiogope, kumbuka vitu viwili tu. Ukipoteza desibeli 3, nguvu imebaki nusu. Ukipoteza desibeli 10, imebaki sehemu moja kwa kumi. Kwa hivyo desibeli 20 ni moja kwa mia, na 30 ni moja kwa elfu. Ndio maana mtaalamu akisema "tofauti ni desibeli 30 tu," hiyo "tu" ni kubwa kuliko inavyosikika.

4/ Hebu tuanze na hali rahisi kabisa: hewani, bila mlima, bila mti, bila nyumba. Hapo mawimbi yanapungua kwa sababu yanatawanyika, kama mwanga wa tochi. Umbali ukiwa mara mbili, inabaki robo. Fomula yake ilichapishwa na Harald Friis mwaka 1946. Kwa masafa ya megahezi 900, ukiwa kilomita 10 kutoka kwa mnara, umepoteza desibeli kama 111. Simu inaweza kuishi na hiyo vizuri sana. Shida ni kwamba hakuna mtu anaishi hewani.

5/ Masafa nayo yana maneno. Masafa ya chini (megahezi 700, 800, 900) yanaenda mbali na yanajipinda kidogo kwenye vizuizi. Ya juu (1800, 2100, 2600) yanabeba data nyingi lakini yanachoka haraka. Ukiruka kutoka 900 hadi 1800 unapoteza desibeli 6 hata pasipo kizuizi chochote, yaani unabaki na robo. Mnakumbuka ile patashika ya kuzima runinga za analogi mwaka 2015? Moja ya faida zake ilikuwa hii: masafa mazuri ya chini yaliyokuwa yanabeba runinga yangeweza kupewa simu. Kwa hivyo mtu akikuahidi 4G mashambani, muulize ni kwa masafa gani.

6/ Sasa tushuke ardhini. Miaka ya 1960, Mjapani Yoshihisa Okumura na wenzake walizunguka Tokyo na viunga vyake wakipima mawimbi, wakachapisha michoro mwaka 1968. Mwaka 1980, Masaharu Hata aliigeuza michoro hiyo kuwa fomula. Fomula hiyo na watoto wake bado zinatumika duniani kote kupanga minara. Ndiyo, kipimo cha kijiji chako kinaweza kuwa kina mizizi Tokyo.

7/ Hata aliweka hali tatu: mjini, viungani na uwanda wazi. Tuchukue mnara wenye antena mita 40 juu, megahezi 900, na wewe uko kilomita 10 na simu mkononi. Fomula inasema: ukiwa mjini, umepoteza desibeli kama 159. Ukiwa uwanda wazi, umepoteza kama 131. Tofauti ni desibeli 28, karibu mara 700. Mnara ni ule ule, simu ni ile ile, umbali ni ule ule. Kilichobadilika ni neno moja ambalo mtu alichagua kwenye kompyuta.

8/ Na hapa ndipo mashamba yetu yanapopata shida. Ukisema "mashambani," kompyuta inachagua "uwanda wazi." Hiyo iko sawa kwa Chalbi au tambarare za Kajiado. Lakini Murang'a yenye matuta na mabonde ni uwanda wazi? Bonde la Kerio chini ya ukingo wa Elgeyo? Kijiji kilichozungukwa na mikaratusi? Hapo fomula inaahidi kitu ambacho ardhi haiwezi kulipa.

9/ Kizuizi namba moja: mlima. Mawimbi hayasimami kabisa yakigonga kilima, yanajipinda kidogo juu yake. Lakini yanatoza ushuru. Kilima chembamba kikigusa tu mstari kati ya mnara na simu yako, tayari umepoteza desibeli 6, umebaki na robo. Ukishuka zaidi nyuma ya kilima, ushuru unapanda hadi 20 na zaidi. Iten iko kwenye mita kama 2,400 juu ya usawa wa bahari. Chini bondeni ni zaidi ya mita 1,000 kushuka. Mnara wa juu unaweza kuona mbali sana na bado usimwone mtu aliye hapo chini ya miguu yake.

10/ Kitu ambacho wengi hawajui: haitoshi mnara na simu kuonana kwa macho. Mawimbi yanahitaji nafasi yenye umbo la muhogo, nyembamba kwenye ncha na nene katikati. Kwa kilomita 10 na megahezi 900, tumbo la huo muhogo ni kama mita 29 kila upande. Kitu kikiingia ndani sana ya tumbo hilo, mawimbi yanapungua ingawa mnara unauona vizuri kabisa. Ndio maana unaweza kuhesabu taa nyekundu za busta ukiwa mlangoni na simu inakuambia hakuna huduma.

11/ Kizuizi namba mbili: miti. Majani yana maji, na maji yanakula mawimbi. Fomula moja maarufu, ya Weissberger ya mwaka 1982, inasema msitu mzito wa mita 100 unakula desibeli kama 19 kwa megahezi 900. Ukipanda hadi 1800 unakula kama 24. Na fomula hiyo ni ya miti mikavu ya nchi za baridi, si msitu uliolowa mvua ya Aprili. Sasa fikiria mnara ulipangwa wakati shamba lilikuwa la mahindi, halafu watu wote wakapanda mikaratusi. Miaka saba baadaye wanalalamika kampuni imepunguza nguvu. Kampuni haijagusa kitu, miti imekua.

12/ Kizuizi namba tatu kiko juu ya kichwa chako: mabati. Chuma ni kioo kwa mawimbi, yanagonga na kurudi. Nyumba ya mabati juu na pande zote inapata mawimbi kupitia dirisha na mlango tu. Kwa hivyo ile tabia ya kuweka simu dirishani usiku, kuna sayansi ndani yake. Sasa swali la siasa: ramani unayoonyeshwa ilipigwa hesabu kwa mtu aliye nje au aliye ndani ya nyumba? Tofauti inaweza kuwa desibeli 10 hadi 20.

13/ "Lakini si siku hizi kompyuta zinajua milima?" Zinajua, na hiyo ni hatua kubwa. Toka miaka ya 1960, Wamarekani Anita Longley na Phil Rice walitengeneza njia ya kukadiria mawimbi kwa kufuata sura halisi ya ardhi. Februari 2000, chombo cha anga cha Marekani kilipima miinuko ya sehemu kubwa ya dunia kwa siku 11, na data ya Afrika ya kila mita 30 au hivi ilifunguliwa kwa umma mwaka 2014. Mwanafunzi wa chuo aliye na laptopu anaweza kuchora ramani ya mawimbi ya kaunti yake bure.

14/ Ila data hiyo ina mitego. Moja, ni ya mwaka 2000, haijui mtaa uliojengwa jana. Mbili, rada haikufika ardhini kila mahali. Penye msitu mnene ilipima karibu na vilele vya miti. Tatu, mita 30 ni pana, tuta dogo au kichaka mbele ya boma lako hakionekani. Kwa hivyo hata hesabu nzuri, ukiipeleka uwanjani kupima, kukosea kwa desibeli 8 hivi ni kawaida. Usiite hiyo uwongo, ni mipaka ya makadirio. Uwongo unaanza pale mtu anapoficha mipaka hiyo.

15/ Sasa fika karibu, hii ndiyo sehemu muhimu zaidi ya uzi. Kwa sababu makadirio yanayumba, anayechora ramani lazima aamue: nataka uhakika kiasi gani? Akisema asilimia 50, anapaka rangi hadi pale ambapo kwenye ukingo nusu ya watu watapata na nusu watakosa. Akisema asilimia 90, lazima aache akiba ya desibeli kama 10.

16/ Desibeli 10 ni nini kwa ardhi? Kwa mnara wetu wa mita 40, akiba hiyo inapunguza umbali kwa karibu nusu. Umbali ukiwa nusu, eneo linakuwa robo. Soma tena: mnara ule ule, fomula ile ile, lakini ramani moja ina rangi mara nne ya nyingine. Hakuna aliyedanganya kwa hesabu, kila mmoja amechagua tu kiwango chake cha uhakika. Kwa hivyo ukiona ramani ya mtandao kwenye mdahalo na haijaandikwa ni uhakika wa asilimia ngapi, hiyo ni bango la kampeni.

17/ Mtego mwingine: simu lazima ijibu. Mnara unaweza kutoa makumi ya wati. Simu yako ya 4G inatoa kama wati 0.2. Ni kama mtu mwenye kipaza sauti anaongea na mtu anayenong'ona. Wewe unamsikia, yeye hakusikii. Ndio unaona vijiti viwili, unapokea ujumbe, lakini picha ikitumwa inazunguka, inazunguka, inakwama. Ramani ikihesabu tu kile ambacho mnara unatuma, inamwacha nje mtu anayetaka kutuma.

18/ Kuna mambo ambayo si ya mawimbi kabisa, tusichanganye. "Mvua ikinyesha network inaenda." Kwa masafa ya simu, matone ya mvua yenyewe hayafanyi kitu kikubwa. Kinachoumia ni stima ya mnara, au ile sahani inayounganisha mnara na mnara, ambayo hutumia masafa ya juu sana yanayokula hasara kwenye mvua kubwa. Na "vijiti vimejaa lakini haifunguki" saa mbili usiku ni msongamano, watu wengi kwenye mnara mmoja. Ramani ya rangi haionyeshi hata moja ya haya. Mnara uliokosa dizeli bado una rangi kwenye ramani.

19/ Turudi kwa ile asilimia 99. Asilimia ya nini, watu au ardhi? Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Marsabit ilikuwa na watu kama 460,000, chini ya asilimia 1 ya Wakenya, lakini ardhi yake ni zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya nchi. Nairobi ilikuwa na watu milioni 4.4 kwenye kilomita za mraba kama 700.

20/ Maana yake ni hii: unaweza kuacha Marsabit YOTE gizani, kuanzia Moyale hadi Loiyangalani, na bado usimame kwenye mdahalo useme kwa ukweli mtupu kwamba asilimia 99 ya Wakenya wamefikiwa. Mfugaji anayetafuta bei ya mbuzi, dereva wa lori aliyekwama kati ya miji, mama aliye na uchungu wa kuzaa kilomita 40 kutoka kwa zahanati, hao wanaishi ndani ya ile asilimia 1 iliyobaki.

21/ "Sasa hii ina uhusiano gani na siasa?" Mkubwa sana. Sheria inataka matokeo ya urais yatumwe kwa njia ya kielektroniki kutoka kituo cha kura. Siku chache kabla ya Agosti 8, 2017, IEBC ilitangaza kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 haviko kwenye eneo la 3G au 4G. Zaidi ya robo! Maafisa waliambiwa watafute mahali penye mtandao ndio watume. Septemba 1, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, na namna matokeo yalivyotumwa ilikuwa kati ya hoja kubwa za kesi.

22/ Mwaka 2022 vituo viliongezeka hadi 46,229, na orodha ya vituo visivyo na 3G ilishuka hadi 1,111. Huko mpango ulikuwa kutumia modemu za setilaiti. Hapo ni hatua. Lakini sasa unajua la kuuliza: kituo "kiko na mtandao" kwa makadirio, au mtu alienda akatuma picha ya fomu akiwa ndani ya darasa la mabati? Kwa sababu kutuma fomu ni kazi ya simu kujibu mnara, ule mnong'ono wa namba 17. Kura inaweza kupigwa vizuri na bado watu wakapigana kwa sababu fomu ilichelewa nyuma ya kilima.

23/ Suluhu zipo, na kila moja ina bei. Minara zaidi: mahali penye watu wachache, kampuni haipati faida, ndio maana sheria ya mawasiliano iliyorekebishwa 2009 iliunda Hazina ya Huduma kwa Wote, ambapo kampuni zinachangia na pesa zinajenga minara kule soko limekataa kwenda. Hiyo hazina ndiyo wanasiasa wangefaa kuulizwa kila mwaka: imejenga wapi, na kwa nini hapo?

24/ Halafu kuna suluhu za angani. Julai 2020 tulipata maputo ya Loon, yakielea kilomita kama 20 juu ili kuruka milima yote. Watu walipiga makofi. Januari 2021 kampuni ikatangaza inafunga. Kuanzia 2023 kuna intaneti ya setilaiti ya Starlink. Kilima si shida sana mradi sahani ione anga, lakini mwananchi wa kawaida atanunua kifaa hicho na pesa gani? Funzo: ukiahidiwa teknolojia mpya, uliza nani atalipa mwaka wa tatu.

25/ Na kuna suluhu ya bei ya chini ambayo haipendwi kwa sababu haina utepe wa kukata: KUPIMA. Makadirio yanaboreshwa kwa vipimo vya uwanjani. Weka simu kwenye bodaboda inayozunguka kata yako wiki moja, rekodi nguvu ya mawimbi na mahali, halafu rekebisha fomula ilingane na milima na miti yenu. Fomula ya Tokyo ikishafunzwa Kerio, inaanza kuongea lugha ya Kerio. Chuo cha ufundi kilicho karibu nawe kinaweza kufanya hii.

26/ Kwa hivyo mheshimiwa akija na ramani kabla ya 2027, beba maswali haya saba:
• Asilimia hii ni ya watu au ya ardhi?
• Ni 2G, 3G au 4G, na kwa masafa gani?
• Ni kwa mtu aliye nje au ndani ya nyumba?
• Ukingo wa rangi una uhakika wa asilimia ngapi?
• Umehesabu simu kujibu mnara, au mnara kutuma tu?
• Ni makadirio au ilipimwa? Lini, na miti ilikuwa na urefu gani?
• Mnara ukikosa stima, unakaa chini siku ngapi?

27/ Na kwa upande wa upinzani, haki ni haki: mtu mmoja kukosa mtandao chini ya kilima hakuthibitishi kwamba hakuna kilichofanywa. Kila ramani ina mashimo. Swali ni kama mwenye ramani anayajua mashimo yake, ameyaweka wazi, na ana bajeti ya kuyaziba.

28/ Ukiweza kufanya kitu kimoja tu: rekodi mahali kwenu panapokosa mtandao, andika jina la kijiji, kata, saa na kama ulikuwa ndani au nje, mpelekee chifu, MCA na Mamlaka ya Mawasiliano. Malalamiko ya "network ni mbaya" yanatupwa. Malalamiko yenye mahali na saa ni data, na data hiyo ndiyo inakosekana kwenye ramani yao.

Mwisho wa uzi. Weka hapa chini jina la kijiji chako na mahali ambapo lazima usimame ndio simu ishike. Tuone ramani ya kweli inafananaje.